UZI: Wanaume pia wanaaibikia miili yao, ni vile tu hawasemi

#1 MpigaPicha_Lolwe

Wadau habari za jioni. Niko Kisumu, kazi yangu ni picha, graduesheni, harusi, ayie (ile sherehe ya Waluo ya posa), matanga, pasipoti, zote napiga. Kila nikiingia mtandaoni naona mjadala wa mwili na kujiamini unaishia kwa wasichana tu, ati mitandao imewaharibu madada zetu, na sikatai, lakini mimi ndio nakaa na hawa watu mbele ya kompyuta wakichagua picha na leo nimeamua niseme venye mambo iko.

Mwanamke akikuja kuchagua picha anasema wazi. "Kaka toa hii tumbo, huu mkono fanya uwe mdogo, hapa kwa shingo kuna mstari, futa." Anagusa na kidole mpaka skrini inajaa alama, tunacheka, tunamaliza, anaenda zake. Mwanaume hawezi. Mwanaume anasonga kiti, anakohoa, anaangalia mlangoni kama kuna mtu anaingia, halafu anasema, "Brathe, naona hii shati imekunjamana hapa mbele, si unyooshe kidogo." Shati haijakunjamana popote, ilipigwa pasi ikapigika. Ni kitambi. Sasa mimi nanyoosha "shati" pole pole, anasema ongeza, naongeza, mpaka kitambi kinaisha chote ndio anatingisha kichwa ati eeh sasa imekaa.

Mwingine bibi harusi amempita urefu, analaumu lenzi ati inafupisha watu. Mwingine anasema taa ilikuwa mbaya hapa kwa kidevu, maana yake anataka ndevu zishikane na zile za kwa masikio. Vijana wa kampasi ndio wako na ujasiri kiasi, wanakuja na picha ya msanii wa Nigeria kwa simu wanasema kifua ikae hivi, lakini wanacheka sana wakisema, ndio ikikataa ionekane ilikuwa mchezo.

Halafu kuna picha za matanga. Huku kwetu sura ya marehemu inaenda kwa bango, kwa fulana, kwa kitabu cha ratiba ya mazishi, na mara nyingi picha ya karibuni ni ya wakati alikuwa mgonjwa. Familia inasema muongezee mashavu. Jaza hapa kwa kola. Kuna mama mmoja alikaa hapo kando yangu akiniongoza nikijaza uso wa mzee wake, "hapana, alikuwa mnene kuliko hivyo," naongeza, "bado," naongeza, mpaka binti yake akamwambia mama huyo sasa si baba.

Swali langu, hii aibu inatoka wapi? Ni TV na simu ama tulikuwa nayo tangu zamani? Na mbona wanaume hatusemi? Karibuni, matusi muache nje.

#2 NyarGem

Aki hiyo ya shati umeniua 😂😂 mzee wa kwangu ni huyo huyo, yeye huniambia nimfulie trao na maji baridi juu zinaingia ndani.

Mimi nauza nguo, Jumapili utanipata soko la Kibuye. Mmeona wale midoli wa kuonyesha jeans, wale wa hipsi kama wamekalia mito? Kiuno kama chupa halafu kutoka hapo kushuka ni balaa. Msichana anaona jeans kwa mdoli, inamkamata macho, anaijaribu pale nyuma ya leso, anatoka amenuna. Anasema "sina shepu." Hakuna hata mmoja nimewahi kumskia akisema huyu mdoli ndio ako na shida, na ukizunguka nyuma ya mdoli utapata hiyo jeans tumeivuta tukaishika na vibanio, yaani hata mdoli mwenyewe haijamtosha!! Nikiwaonyesha vibanio wanacheka lakini bado wananiuliza kama niko na zile taiti za sponji. Niko nazo. Zinatoka kuliko jeans.

Kwa swali lako mimi naona inaanza nyumbani kabla ya simu. Ukifika ocha, yaani kijijini, Disemba hata maji hujapewa shangazi ashakukagua juu mpaka chini. Ukinona, "kwani umeolewa na mpishi?" Ukikonda, "Nairobi hakuna chakula, ama ni yale mambo?" Na kila mtu pale kwa kiti anajua yale mambo ni gani. Simu inakuja kupata kidonda shangazi ashachimba.

#3 Nesi_wa_Mpakani

NyarGem hapo kwa yale mambo umegonga ndipo. Nyinyi watoto wa juzi hamjui, miaka ya tisini kuja mpaka elfu mbili na kitu, Nyanza yote na huku Busia, kukonda ilikuwa kesi. Ng'ambo Uganda ukimwi wenyewe waliuita slim. Mtu angekonda kwa sababu ya stresi ama karo ya watoto na watu washamzika kwa mdomo, wanahesabu ng'ombe zake. Kwa hivyo mwili mnene ulikuwa ndio cheti chako cha afya, unatembea nacho sokoni watu wasome. Hiyo hatukufundishwa na TV.

Halafu dawa zikaja tukashukuru Mungu, lakini moja ya zile za kwanza, stavudini, ilikuwa inakula mafuta ya uso na mikono na miguu halafu tumbo ndio inajaa. Sasa mtu amepona, anafanya kazi, analea, lakini uso wake unamsema kabla afungue mdomo. Kuna wagonjwa waliacha dawa kwa sababu ya kioo tu, unamuuliza kwa nini hukurudi kliniki anakuambia sista niangalie mashavu. Shirika la afya duniani, WHO, mwaka 2009 ndio walishauri nchi ziiache pole pole, na sai hatuipeani. OP, wewe mwenye uzi, hiyo stori ya yule mama na picha ya mzee wake mimi sishangai hata kidogo, hiyo ni hofu ya miaka mingi.

Sasa hivi naona kitu ingine. Wasichana wanameza saiproheptadini na deksamethasoni ndio wapate "mwili", zinauzwa kwa pakiti ndogo bila jina ama kwa siropu ya kuleta hamu ya kula. Saiproheptadini ni dawa ya mzio, ile ya mafua na kujikuna, inaleta njaa na usingizi basi. Deksa ni steroidi. Inakuvimbisha uso, inapandisha presha na sukari, inamaliza mifupa, na hiyo "nyama" unaona ni maji na mafuta, si nyama. Hakuna dawa kwa hii dunia inajua njia ya kwenda kwa hipsi peke yake. Na msidhani ni wasichana tu wananunua.

#4 Barz_za_Kaptembwo

Manze uzi iko moto. Nakuru hapa, nasimamia jimu ya mtaa, ile ya vyuma za simiti kwa mikebe ya rangi, bado tunajipanga.

OP ukweli wanaume wako na hii kitu mbaya sana ni vile tunaita mazoezi. Msee anakuja amejaa mpaka hawezi kujikuna mgongo, mikono iko kama mapaja yangu, na bado anavaa hudi jua kali la saa saba juu anaona ako mdogo. Ukimwambia buda umejaa anadhani unamcheka. Nilikuja kujua iko na jina, madaktari wanaiweka kwa ule ugonjwa wa kuona mwili wako uko na kasoro wenye watu wengine hawaoni, yaani mtu anajiangalia kwa kioo anaona mifupa. Na hawa ndio huishia kwa sindano. Msee ananiuliza ati "unajua mtu yuko na kitu ya kusaidia?" hataji kitu gani. Mi huwaambia waziwazi, hizo steroidi za kujaza misuli, si ile deksa ya sista, ukijidunga mwili unaacha kutengeneza homoni zake za kiume, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua, wengine wanamea matiti. Unatafuta uanaume unatoka na sidiria. Hapo ndio wengine huskia, wengine wanahamia jimu zingine za tao.

Na hii ya TV na sinema OP ameuliza si stori tu. Kuna utafiti wa Marekani wa 1999, walichukua midoli ya wanajeshi ya watoto, G.I. Joe, wakaipima kutoka ya kwanza kwanza ya 1964. Wakaikuza kwa hesabu iwe saizi ya mwanaume mzima, mkono wa ile ya zamani ukawa inchi 12 hivi, mtu wa kawaida. Ile ya miaka ya tisini mwishoni ikafika inchi 26!! Hakuna binadamu ako na mkono hiyo. Sisi mtaani hatukucheza na hiyo midoli, tulicheza na magari ya waya, lakini vidio shoo tulilipa tukaona Arnold na Rambo, na kila kinyozi ilikuwa na posta ya mtu ametoa shati. Arnold mwenyewe alishakubali steroidi alitumia. Sasa kijana anaangalia TikTok masaa matatu wasee wa vifua vya mafuta, kesho anakuja anataka hivyo kabla ya Krismasi, na lanchi alikula mandazi mbili na strungi.

#5 MzeeWaMumias

Vijana mna wakati. Sisi siku zetu kitambi kilikuwa heshima. Chifu asiye na tumbo watu walikuwa wanauliza kama mshahara unafika. Haya mambo ya kujitazama kwa kioo ni ya watu walioshiba. Mwenye njaa hana habari na kiuno. Gazeti na redio zilikuwepo na hazikutuambia kitu juu ya miili yetu. Fanyeni kazi muache kulaumu simu.

#6 Msomi_wa_Luanda

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima naomba nikupinge kidogo. Mimi nasoma saikolojia mwaka wa tatu na hii ya "walioshiba" tulifunzwa mfano wake.

Kuna visiwa vya Fiji huko Pasifiki. Watu wa huko walikuwa kama sisi, mwili mkubwa ni sifa, mgeni analazimishwa kula, mtu akikonda jamii inaona haya kwamba hawakumtunza. Mwaka 1995 TV ikafika mkoa unaitwa Nadroga. Daktari mmoja wa Harvard, Anne Becker, akahoji wasichana wa shule ya upili wakati TV ndio imeingia tu, halafu akarudi 1998 akahoji wengine wa umri ule ule. Mara ya kwanza hakuna aliyesema anajitapisha ndio apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa asilimia 11. Na hawakuwa matajiri mzee, wengi walikuwa wanamwambia waziwazi wakikonda kama wale wa kwa TV watapata kazi nzuri mjini. Yaani ni njaa hiyo hiyo unayosema ndiyo iliwasukuma, mtu anaona mwili kama barua ya kuombea kazi. Huku kwetu si ni hivyo, tangazo la kazi ya mapokezi bado linaandikwa "awe na mwonekano mzuri", hiyo mwonekano inapimwa na nini?

NyarGem pia ako sawa na shangazi wake. Mwaka 1954 kuna mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika kwamba mtu hujipima na wale anaona wako karibu na yeye, si wale wa mbali kabisa. Zamani staa wa sinema alikuwa mbali, ulijua yule si mwenzako. Sai anayekumaliza ni yule mlikuwa deski moja Form Two, ameweka picha, kiuno kimeisha, ngozi haina hata alama ya mbu na mlikuwa mnatoka chunusi pamoja. Huwezi jiambia huyo ni wa Hollywood, huyo ni wa Luanda hapa Vihiga, mama yake anauza omena. Hawa Facebook, ndio wenye Instagram, walifanya utafiti wao wa ndani, ukavuja 2021, ukaonyesha kati ya wasichana wa umri wa balehe waliokuwa tayari wanajiskia vibaya juu ya miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwazidishia. Angalia hapo, walikuwa tayari wanajiskia vibaya. Kidonda kiliwekwa na mtu mwingine.

#7 MzeeWaMumias

Marahaba. Umesoma. Lakini hao wa Fiji si wa hapa.

#8 NyarGem

Mzee, wa hapa huyu basi. Lupita Nyong'o, yule mwigizaji, kwao si ni hapa Kisumu, babake ndio gavana wetu. Mwaka 2014 ule alishinda Oscar alisimama mbele ya watu akasema akiwa mdogo alikuwa anaomba Mungu kila siku aamke asubuhi ngozi imekuwa nyeupe. Anakataa kujiangalia mpaka afike kwa kioo, anapata ni yule yule. Mtoto wa profesa, chakula iko, vitabu viko. Mamake alikuwa anamwambia urembo hauliwi, haikuingia. Akasema kilichomsaidia ni kuona Alek Wek, yule mwanamitindo mweusi ti wa Sudan Kusini, anaitwa mrembo kila mahali. Kwa hivyo TV iliharibu na TV ikatengeneza, hapo ndio mimi hukwama nikisikia watu wanasema tuzime tu simu.

Na hiyo ya rangi wanaume wanachangia wakijifanya hawajui. Anapost ati "napenda mwanamke natural" halafu akipita yule mweupe wa rangi ya thao shingo inapinduka. Dada zetu wanajichubua na vitu ziko na zebaki na haidrokwinoni, serikali ilishapiga marufuku na bado unapata sokoni zimefungwa kwa gazeti. Vidole vinakataa kubadilika rangi, uso mwingine mkono mwingine, baadaye uso unatoka madoa ya bluu na nyeusi.

#9 Nesi_wa_Mpakani

Na zebaki inaenda kwa figo. Hiyo watu hawaambiwi.

#10 MpigaPicha_Lolwe

Asanteni wote. Mzee wa Mumias nakuheshimu, lakini ulisema gazeti halikuwaambia kitu. Mwaka wa kura 2022 nilitengeneza mabango ya wagombea wa hapa na pale. Hakuna mheshimiwa alitoka kwa meza yangu na mvi ama mikunjo ya shingo, wote walitoka wakiwa na miaka thelathini na tano, hata yule ako na wajukuu kampasi. Na walikuwa wanakuja na msaidizi, msaidizi ndio anasema "mheshimiwa aonekane freshi," yeye mwenyewe amekaa kwa gari. Hao ni wazee wa rika lako. Walijifunza wapi?

Kuhusu Lupita, mwaka 2017 gazeti la Grazia la Uingereza lilimpiga picha, wakatoa sehemu ya nywele zake kwa kompyuta na kulainisha zilizobaki ndio zikae vile wao wanapenda. Alilalamika hadharani, gazeti na mpiga picha wakaomba msamaha. Mimi hiyo kesi niliifuata sana juu ni kazi yangu. Mtu ana Oscar nyumbani na bado kijana wa kompyuta, mtu kama mimi, anaamua nywele zako ni uchafu wa kufuta.

Sasa watu huniuliza si uache kuediti. Rahisi kusema. Nikikataa anaenda mlango wa pili analipa mia mbili anafanyiwa mpaka anakosa pua. Ufaransa tangu 2017 picha ya tangazo ikipunguzwa ama kuongezwa mwili lazima iandikwe imeguswa, Norway walipitisha yao 2021 na hiyo inashika hata wale wa kulipwa kwa Instagram. Mimi naona ni poa kwa matangazo lakini haitasaidia harusi ya Manyatta. Nani ataandika "kitambi kimetolewa" kwa albamu?

Kile nafanya ni hiki, chunusi natoa bila kuulizwa juu ni ya wiki moja itaenda yenyewe. Kovu sigusi mpaka uniambie. Mwili wa mtoto sigusi hata mzazi akinilipa mara mbili, na wanaomba, kuna mzazi aliniomba nimpunguzie binti wa darasa la sita mashavu kwa picha ya bathdei, mtoto amesimama hapo hapo anaskia. Hiyo nilikataa, tukakosana na huyo klayenti, sawa tu.

Pia angalieni simu zenu. Nyingi zinakuja na modi ya urembo ishawashwa, ngozi inalainishwa na uso unabanwa kabla hata hujabonyeza, wewe unadhani ndio sura yako. Halafu mtu anakuja studio napiga na kamera ya kawaida anakasirika ati nimemfanya mzee. Ingia kwa setingi za kamera ya mbele uzime, upige selfi mbili uone tofauti.

#11 Barz_za_Kaptembwo

Nimezima sai. Manze. Narudisha.

#12 NyarGem

😂😂😂😂 sidiria iko wapi

#13 MzeeWaMumias

Mimi simu yangu haina hayo mambo. Lakini huyo mzazi wa mtoto wa darasa la sita alikosea. Mtoto hasemwi mbele ya fundi.

#14 mgeni_0719h

Habari wakubwa. Huwa nasoma tu siandiki. Sista wa mpakani kuna rafiki yangu ako Kakamega, ni mwanaume, alikuwa anaitwa mifupa tangu shule. Alianza zile tembe umesema za deksa, moja asubuhi moja jioni, mwaka jana mwezi wa saba hivi. Alinona na watu wakamsifu sana hata kazini. Sasa uso umekuwa mviringo na anachoka. Atupe hizo tembe leo?

#15 Nesi_wa_Mpakani

Asitupe na asiache ghafla, tafadhali mwambie hivyo hivyo. Akimeza muda mrefu hivyo mwili unazoea kuletewa homoni ya aina hiyo, unaacha kutengeneza yake. Akikata mara moja anaweza kuanguka, presha inashuka, anatapika, ni hatari kabisa. Aende hospitali na hiyo pakiti mkononi hata kama haina jina, aseme ukweli amemeza kiasi gani na tangu lini, watampunguzia pole pole na wampime sukari na presha. Hakuna mtu atamcheka, tunaona wengi.

#16 mgeni_0719h

Sawa sista nitamwambia. Na uso unarudi baada ya muda gani? Na ule mwili utaisha wote?

#17 Nesi_wa_Mpakani

Uso unachukua wiki kadhaa mpaka miezi, inategemea alimeza nyingi kiasi gani. Mwili utapungua, simdanganyi. Akipewa ruhusa na daktari aanze kula vizuri na mazoezi kidogo kidogo, huyo wa Kaptembwo atamwelekeza bure najua. Aende asubuhi mapema kabla foleni ijae, na kama anatapika ama anaskia kizunguzungu akisimama asingoje asubuhi, aende leo usiku.

#18 Barz_za_Kaptembwo

Aingie inboksi mgeni. Bila picha.